Salfa ya chunusi inakuzingua? Tafuta tatizo lako hapa

Salfa ni dawa ya siku nyingi na bei yake ndogo, ndo maana kila mtu ana ushauri wake juu yake. Mi niko nyuma ya kaunta ya duka la dawa kila siku, na wengi wanaokuja kulalamika ukiwauliza maswali mawili matatu unakuta salfa yenyewe haina kesi, kesi iko kwa vitu vingine walivyopaka juu yake, au muda walioiacha usoni, au kile wanachokitibu hata sio chunusi. Kwa hiyo kabla hujaitupa hebu tafuta hapa chini tatizo linalofanana na lako.

Ila kwanza geuza paketi usome nyuma. Salfa ya chunusi ya kujinunulia mwenyewe, iwe sabuni, losheni, krimu au ile ya kupaka na kuosha, kwa kawaida inakuwa kati ya asilimia 3 na 10. Kuna sabuni za njano huko madukani zimeandikwa salfa kwa herufi kubwa mbele, ukigeuza nyuma kwenye viambato huioni popote, hiyo umenunua rangi tu. Ikiwepo kweli kazi yake ni hii: inalegeza ile ngozi ya juu iliyokufa ili isizibe vinyweleo, inakausha mafuta, na inapunguza bakteria na fangasi wanaokaa pale juu. Haiendi mbali kwenda ndani, na hilo tutalirudia maana ndo linalowaangusha wengi.

Uso umekauka, unabana, unabanduka

Hili ndo namba moja, halina mpinzani. Mtu ananunua leo, anapaka asubuhi, mchana anaosha anapaka tena, usiku tena, siku ya nne ukitabasamu unasikia mashavu yanavuta na pembeni ya pua kumetoka magamba meupe. Salfa inakausha, ndo kazi yake, sasa ukiipa zamu tatu kwa siku unategemea nini. Anza usiku tu, siku moja unapaka siku moja unaacha, wiki mbili hivi. Ngozi ikiwa shwari ndo upake kila usiku, na wengine hawahitaji zaidi ya hapo kabisa.

Lakini mara nyingi sio wingi wa salfa, ni msongamano. Nikimuuliza mtu unatumia nini kingine ananiambia situmii kitu, halafu tukiendelea kuongea anaanza kutoa kimoja kimoja: kuna jeli ya benzoili paroksaidi ya asubuhi, kuna feswashi yenye asidi ya salisiliki, kuna adapalini aliambiwa na rafiki yake apake usiku, Jumamosi skrabu ya sukari na limao. Hivyo vyote vinachubua au vinakausha, ukivirundika na salfa ngozi inakosa pa kupumulia. Na limao naomba uliache jikoni, asidi yake ni kali mno kwa uso uliochubuka na ukitoka nayo juani linaweza kukuunguza kweli kweli.

Dawa yake: acha kila kitu siku nne tano, salfa ikiwemo. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, ukiwa bado na unyevunyevu paka losheni nyepesi au glisirini uliyoichanganya na maji, na pale palipobanduka sana gusisha mafuta ya mgando kidogo usiku. Kipimo cha kujua umepona ni maji ya kawaida, ukijimwagia usoni na hayachomi hata kidogo basi rudi, ila rudi na kitu kimoja tu. Kama unaitaka salfa iwe salfa. Kitu cha pili kiongeze baada ya wiki kadhaa, zamu tofauti, moja asubuhi nyingine usiku.

Na sisi wa ngozi nyeusi hapa hatuna mchezo, kwa sababu ngozi yetu ikichokozwa inalipiza kwa madoa meusi yanayokaa miezi. Mtu anakazana kuitibu chunusi moja kwa nguvu, chunusi inaisha kwa wiki, alama aliyoiacha anakaa nayo hadi mwaka mwingine. Ukiona inachoma punguza, usivumilie eti ndo inafanya kazi.

Panawaka, pamevimba, au vimetoka vipele vya kuwasha

Kuchoma kidogo dakika chache za mwanzo sio ajabu. Ila ukiona wekundu au weusi unaosambaa nje ya pale ulipopaka, uvimbe kwenye kope au midomo, vipele vidogo vinavyowasha hadi unajikuna usingizini, hiyo ngozi yako imekataa. Osha kwa maji mengi, acha kabisa. Ukianza kupumua kwa shida usije dukani kwangu, nenda hospitali moja kwa moja. Na mara nyingi aleji sio ya salfa bali ni ya manukato au kihifadhi kilichomo kwenye bidhaa, ndo maana mtu sabuni moja inamkataa, losheni nyingine ya kampuni tofauti anaipaka fresh tu. Kabla ya kupaka kitu kipya uso mzima jaribu eneo dogo chini ya taya siku mbili tatu.

Sasa swali ninaloulizwa kila wiki: mimi nina aleji ya salfa, niliwahi kubabuka baada ya kunywa Septrin (antibayotiki) au zile SP za malaria za kliniki ya wajawazito, je sabuni ya salfa naweza kutumia? Ni vitu viwili tofauti. Zile ni dawa za kundi la salfonamidi, hii ya chunusi ni salfa ya madini, ile ya njano, aleji ya huku haimaanishi aleji ya kule. Ila, na hapa soma mara mbili, kuna dawa za chunusi zinazochanganya vyote, mara nyingi zile ambazo mtu kaletewa na ndugu yake kutoka Marekani, kwenye chupa imeandikwa sodium sulfacetamide asilimia 10 na sulfur asilimia 5. Hiyo sulfacetamide ni ndugu wa damu wa Septrin, kama uliwahi kubabuka usiiguse. Na ukienda kwa daktari usimwambie tu nina aleji ya salfa, taja dawa yenyewe uliyomeza na kilichokutokea, inamsaidia sana.

Nimepaka salfa, uso umekuwa mweusi

Hapa kuna mambo mawili na yanatofautishwa kirahisi. Kama weusi umekuja taratibu, pale pale palipokuwa na chunusi au palipochubuka, hayo ni yale madoa ya ngozi kuchokozwa niliyoyasema juu. Punguza salfa, paka sanskrini asubuhi hata kama umeambiwa mweusi hahitaji, maana jua ndo linayakoleza.

Kama weusi umekuja ghafla, ndani ya siku moja mbili, umekaa kama masizi, tena kunanuka kuliko kawaida, fikiria mkorogo. Alikuja dada mmoja hivi mashavu yote yana wingu la kijivu, ananiambia sabuni yenu imeniharibu, nikamwomba anionyeshe vyote anavyopaka, akafungua mkoba akatoa kikopo cheupe hakina lebo, krimu rangi ya maziwa, kanunua kwa mama anayepita ofisini kwao. Krimu nyingi za kung'arisha za namna hiyo zina zebaki, na zebaki ikikutana na salfa juu ya ngozi inatengeneza kitu cheusi na harufu mbaya na muwasho juu. Sabuni hapo imefichua tu. Weusi ule wa juu unaondoka, ila zebaki yenyewe inaingia mwilini na figo ndo zinaumia, kwa hiyo cha kuacha pale ni krimu. Kama ina lebo tafuta maneno kama mercury, mercuric, mercurio au calomel. Haina lebo kabisa? Basi ndo jibu lenyewe. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni (kemikali nyingine ya kung'arisha) vimepigwa marufuku Tanzania, na anayekuuzia kwenye kikopo kisicho na jina anajua kwa nini hakina jina.

Aa, na pete za fedha. Salfa inaifanya fedha iwe nyeusi, hiyo ni kemia tu, vua pete na mkufu kabla hujapaka na usije kumgombeza sonara kwamba kakuuzia feki. Dhahabu haina shida.

Wiki zinapita, hamna kitu

Ngapi? Kama ni mbili nenda kalale. Chunusi inayoonekana leo ilianza kuziba huko ndani wiki kadhaa nyuma, kwa hiyo dawa yoyote ya kupaka ipe wiki 6 hadi 8 za kutumia bila kurukaruka ndo uanze kuihukumu.

Zimepita? Haya, sabuni unaiacha usoni muda gani. Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela, anapakaza povu, anasuuza hapo hapo, salfa imekaa usoni sekunde kumi halafu imeshaenda kwenye shimo la maji. Pakaza povu, kaa nalo dakika moja mpaka mbili ukipiga mswaki, ndo usuuze. Ile ya kupaka na kuosha ya asilimia 10 iache dakika 10 hivi, usilale nayo. Unataka nguvu zaidi bila kuongeza ukali, basi badala ya sabuni chukua losheni inayobaki usoni usiku. Na upake eneo zima linalotoa chunusi, sio kudonoa kichunusi kimoja kimoja, unataka kuzuia zinazokuja sio kuzika zilizokwishatoka.

Unafanya hivyo vyote na bado? Basi tuangalie kama ni chunusi kweli.

Vipele vidogo vidogo vyote saizi moja, paji la uso, kifua na mgongo, vinawasha hasa ukitoka jasho, hamna vichwa vyeusi katikati, hao mara nyingi ni fangasi wa vinyweleo. Salfa inawasaidia kidogo lakini dawa yao hasa ni ya fangasi, na ukikuta umeandikiwa antibayotiki za kumeza unaweza kuona vinazidi kabisa.

Vipele kwenye ndevu na shingo baada ya kunyoa, hivyo ni nywele zimejikunja zikarudi kwenye ngozi. Kaka zangu hapa salfa mtapaka mpaka mzeeke. Acha wembe mwezi mmoja, tumia mashine ibakize ndevu kidogo, usivute ngozi unaponyoa. Vile vya kisogoni vinavyokuwa vigumu na kuacha makovu ya kunyanyuka viwahishe hospitali mapema, vikishaota vizuri kuvitoa ni kazi.

Vipele vya paji la uso tu, kufuata mstari wa nywele, uliza mafuta ya nywele. Mafuta ya nazi, jeli ya kulazia nywele za mbele, mafuta mazito ya kichwani, yote yanateremka na jasho. Wigi nalo. Hapo hutibu, unahamisha mafuta: paka nusu ya kichwa kurudi nyuma, badilisha foronya ya mto.

Za kidevuni na kwenye taya, kubwa, zinauma, zinakuja kila mwezi ukikaribia siku zako, hizo zinaongozwa na homoni kutoka ndani na salfa ipo juu ya ngozi, itakausha tu mafuta. Kama zilianza baada ya sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, rudi ulikowekewa uwaambie, zipo njia nyingine, usijitolee mwenyewe tu. Kama siku zako zinaruka miezi na ndevu zinaota, hapo kuna vipimo vya kufanya.

Halafu kuna dawa nyingine unazotumia. Dawa za kifua kikuu, hasa ile isoniazidi, zinaweza kutoa vipele kama chunusi, na usithubutu kuziacha kwa ajili ya uso, mwambie nesi wa kitengo tu. Steroidi ndo mchawi mkubwa zaidi, krimu yoyote yenye klobetasoli au betamethasoni, ambazo watu wanapaka usoni kama losheni ya kila siku kwa sababu mwanzoni zinang'arisha na chunusi zinatulia. Baada ya miezi vinatoka vipele vingi vinavyofanana, ngozi nyembamba, mashavu yanawaka juani, na kila ukiiacha siku mbili uso unalipuka kwa hiyo unairudia. Hiyo haitibiwi na salfa na kuiacha kwenyewe kunataka daktari akusimamie.

Zimeongezeka tangu nianze

Watu wana msemo kwamba dawa inatoa uchafu nje kwanza. Kwa dawa kama tretinoini (ya jamii ya vitamini A) ni kweli wiki za mwanzo zinaweza kuzidi. Kwa salfa mi siupendi huo utetezi. Vikitoka vipya kwa zaidi ya wiki tatu kagua hiyo bidhaa, mara nyingi ni losheni ya mafuta mazito iliyobeba hiyo salfa, au mafuta uliyoyapaka kwa hasira baada ya kukauka. Wataalamu nao waliwahi kubishana hapa, mwaka 1972 Mills na Kligman walisema salfa yenyewe inaziba vinyweleo, mwaka 1978 Strauss na wenzake wakarudia kupima wakasema hawaoni hivyo. Mpaka leo ipo kwenye dawa za chunusi, kwa hiyo unajua nani alishinda.

Losheni imejitenga, chini kuna unga

Haijaharibika. Salfa haiyeyuki kwenye maji, inaelea tu, ikikaa inazama. Ukimwaga bila kutikisa unapaka maji wiki tatu, halafu mwisho wa chupa unapaka uji mzito wa njano ndo uso unaungua na unashangaa kwa nini. Tikisa hadi chini kusibaki kitu, kila mara. Ikitoa chengachenga zinazokwaruza hata baada ya kutikisa, au tarehe imepita, nunua nyingine. Sabuni nayo isikae kwenye maji yake, weka kitu chenye matundu.

Naweza kutumia salfa ya mikorosho?

Hili nalijibu kila msimu, maana huku Mtwara na Lindi kila nyumba ina mfuko. Jibu ni hapana. Ile ni ya kupulizia ubwiriunga, ule ukungu mweupe, kwenye maua na majani ya mkorosho, hamna aliyeisaga kwa ajili ya ngozi ya mtu wala kupima kilichochanganywa humo, na zile za kuchanganya na maji zina vitu vingine vya kuzisaidia zishike kwenye majani. Mtu anachota kijiko, anachanganya na mafuta ya nazi, hajui amepaka asilimia 5 au 50. Bibi atakwambia zamani waliipaka kwa upele na ikaponya, na ni kweli mafuta ya salfa ni dawa ya upele wa kuambukizana mpaka leo, lakini yanachanganywa kwa kipimo. Uso nao sio kiwiko.

Harufu

Mayai viza, tunaijua. Ngozi inabadilisha salfa kidogo kuwa gesi yenye harufu hiyo. Haikwepeki yote ila unaweza kuishi nayo: ipake usiku, taulo na foronya yake viwe vya peke yake na vifuliwe kila wiki, na bidhaa zenye kafuri au mnanaa zinaifunika ila zinachoma zaidi wenye ngozi laini. Kuongeza pafyumu usoni sio suluhisho, ni tatizo jipya.

Ikiingia machoni

Maji safi yanayotiririka, dakika 15 kamili ukiangalia saa, kope ziwe wazi. Lensi zitoe. Ikiendelea kuuma au kuona ukungu, hospitali. Ndo maana tunasema kaa mbali na kope, pembe za midomo na ndani ya pua.

Mjamzito

Salfa ya kupaka ni miongoni mwa zinazohesabiwa salama zaidi, tofauti na tretinoini na adapalini ambazo unaziweka pembeni kabisa. Bado mwambie nesi wa kliniki.

Wa kwenda kwa daktari wa ngozi bila kupitia kwangu

Mabonge ya ndani yanayouma ukigusa, yanayoungana, yanayoacha mashimo au makovu ya kunyanyuka, hayo salfa haiyafikii na kila mwezi unaochelewa ni kovu jingine. Chunusi zilizokuja na homa na viungo kuuma. Mtoto mdogo ambaye hajafika balehe ana chunusi. Na mwenye mkorogo wa muda mrefu. Ukiwa kaskazini pale KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, mikoa mingine ulizia hospitali ya rufaa siku yao ya kliniki ya ngozi. Siku hiyo usipake kitu asubuhi, na vikopo vyako vyote vitie kwenye mfuko uende navyo, hata kile ambacho mumeo hajui.